Unataka kusomea famakolojia na uko Mtwara au Lindi? Anzia kwenye dirisha la dawa

Bibi mmoja alininyamazisha kwenye dirisha la dawa, wilayani Newala. Nilikuwa nimempa dawa mseto ya malaria, vidonge 24 vya siku tatu, nikamwambia maneno tunayofundishwa wote: "Bibi, meza baada ya kula, na chakula kiwe na mafuta kidogo." Akafunga pakiti kwenye pindo la khanga, kisha akaniangalia.

"Mjukuu wangu, nyumbani kuna ugali wa muhogo na kisamvu cha chukuchuku. Mafuta yameisha tangu juzi. Korosho zipo. Nikitafuna korosho itafaa?"

Nikasema itafaa.

"Ngapi?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, nikasema "za kutosha, bibi," akaondoka. Lile "ngapi" halikuondoka naye. Miaka miwili baadaye nilikuwa Dar es Salaam nikisoma shahada ya uzamili ya famakolojia, na nina hakika nisingefika bila swali lile. Tangu nirudi, vijana wa Masasi, Nachingwea hata Kilwa hunipigia simu, na karibu wote huanza hivi: "Kaka, ufadhili unapatikana wapi?" Ufadhili utaukuta kwenye hatua ya sita hapa chini. Yapo matano ya kufanya kabla yake.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kusoma nini

Shangazi yangu wa Mikindani mpaka leo anawaambia watu kwamba nilikwenda Dar es Salaam "kusomea kuuza dawa zaidi". Simlaumu, maana hata wahudumu wa afya wanachanganya. Mfamasia anajua dawa: inavyotengenezwa, inavyotunzwa, inavyotolewa kwa usalama. Mwanafamakolojia anauliza mambo mawili: dawa inaufanya nini mwili, na mwili unaifanya nini dawa. Hilo la pili, yaani dawa kuingia kwenye damu, kusambaa, kubadilishwa na ini na kutoka kwa figo, linaitwa famakokinetiki. La kwanza ni famakodainamiki.

Chukua hiyo hiyo dawa mseto. Ndani yake mna artemetha na lumefantrini. Artemetha hufagia vimelea kwa kasi, lakini kiwango chake kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya saa mbili hivi. Lumefantrini ni mzito wa kuondoka. Huchukua siku tatu hadi sita kupungua kwa nusu, ikisafisha masalia. Artemetha ikiwa peke yake kwa siku tatu, ugonjwa unaweza kurudi. Lumefantrini isipofyonzwa vizuri kutoka tumboni, mgonjwa anabaki na mlinzi mmoja tu, naye anaondoka mapema. Ukisoma maelezo haya ukajikuta unataka kujua "sasa nani kapima, na kapimaje?", endelea kusoma. Kama unataka cheo cha kukutoa kwenye dirisha la dawa, ziko shahada nyingine nzuri za usimamizi na afya ya jamii, tena hazina kuchoma watu sindano.

Matawi ni mengi: famakolojia ya kliniki, toksikolojia (elimu ya sumu), famakojenetiki (dawa na vinasaba), ufuatiliaji wa madhara ya dawa, na hesabu za dawa mwilini ambazo siku hizi zinaitwa famakometria. Huna haja ya kuchagua leo.

Hatua ya 2: Fungua daftari la maswali

Nunua daftari la kawaida, lile la kurasa 96. Kila unapokwama kazini, andika tarehe, kilichotokea na swali. Usiandike jina la mgonjwa. Miezi mitatu inatosha kukupa maswali thelathini. Ishirini na tano yatakuwa yameshajibiwa na wengine, matatu hayajibiki, mawili ni mali.

Nikuonyeshe jinsi swali la dirishani linavyogeuka kuwa swali la utafiti. Bibi kauliza korosho ngapi. Nilipoanza kusoma nikakuta utafiti uliofanyika Thailand na kuchapishwa 2007: maziwa ya soya mililita 36, yenye mafuta gramu 1.2 tu, yalitosha kuifikisha lumefantrini karibu asilimia 90 ya kiwango cha juu kabisa cha kufyonzwa. Bila mafuta kabisa, sehemu kubwa ya dawa hupita tumboni na kutoka zake.

Sasa njoo kwetu. Aliyewahi kupita kiwanda cha kubangua korosho anaijua daraja ya W320: punje zisizozidi 320 kwa pauni moja. Pauni ni gramu 454, kwa hiyo punje moja ina gramu 1.4 hivi. Karibu asilimia 44 ya korosho ni mafuta. Punje moja basi inabeba mafuta gramu 0.6, na punje mbili zinafika gramu 1.2. Mbili! Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye basi.

Lakini hapo hapo ndipo mtafiti anapotengana na mpiga soga. Maziwa ya soya ni mafuta yaliyokwisha kusagika na kuchanganyika na maji. Mafuta ya korosho yamefungiwa ndani ya chembe ngumu za mmea. Asiye na meno anaweza kuzimeza nzima nzima zikapita na mafuta yake. Na mgonjwa wa malaria anayetapika si sawa na mtu mzima wa afya aliyejitolea kwenye jaribio. Kwa hiyo huwezi kumwambia bibi "mbili" ukalala usingizi. Unachoweza kusema ni: *je, kwa watu wazima wenye malaria isiyo kali, kutafuna kiasi fulani cha korosho wakati wa kumeza dawa mseto kunaifikisha lumefantrini kwenye kiwango kile kile inachofikishwa na mlo wenye mafuta?* Hilo sasa lina watu, lina dozi, lina kipimo na lina cha kulinganisha nacho. Maprofesa wanaanza kukusikiliza hapo.

Mikoa yetu imejaa maswali ya namna hii. Wakati wa kingatiba ya matende na mabusha, ivermektini hugawiwa kwa fito ya kupimia urefu: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, kuanzia 159 vinne. Fito ni rahisi kuibeba kuliko mizani, sawa. Je, kijana mrefu mwembamba na mama mfupi mnene wanapata dozi inayowafaa? Au chukua muhogo mchungu. Konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu kwa sababu ya sianidi ya muhogo usioandaliwa vizuri, ulishawahi kuripotiwa mkoani Mtwara. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotokana na protini, na ndiyo maana ugonjwa huu huwapata watu wanaokula muhogo mtupu miaka ya njaa. Hiyo ni toksikolojia, na iko kwenye makopa ya jirani yako. Usisahau pia salfa ya mikorosho na viuatilifu vingine vinavyopulizwa kila mwaka, mpulizaji akiwa amejifunga fulana puani.

Neno moja kuhusu mitishamba, maana nusu ya wanaonipigia wana mzizi mfukoni. Tiba asili ni uwanja halali, na pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili yenye mizizi tangu 1974. Ila kuonyesha kwamba maji ya mzizi yameua bakteria kwenye sahani ya maabara si habari kubwa. Hata chumvi ukiizidisha itaua. Uliza ni kiasi gani kinaingia kwenye damu, kinafanya nini kwenye ini, na kinagongana vipi na dawa za hospitali ambazo mgonjwa anameza kwa siri. Hili la mwisho, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko mizizi yote.

Hatua ya 3: Angalia kama mlango uko wazi kwako

Hapa si pa kukaa muda mrefu. Shahada za kwanza zinazopokewa mara nyingi ni udaktari, ufamasia, udaktari wa mifugo na baadhi ya shahada za sayansi kama biokemia. Kwa vyuo vyetu wastani wa GPA 2.7 kwenda juu ndio kizingiti cha kawaida cha uzamili. Fundi sanifu dawa hawezi kuruka moja kwa moja. Atapitia shahada kwanza. Ukisoma nje, au ukitamani chuo usichokijua, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba kinatambulika, na ufanye hivyo kabla hujalipa hata ada ya fomu.

Kwa hapa nchini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ndicho cha kuanzia kuulizia famakolojia ya kliniki. Jirani kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, chenye uzamili wa famakolojia na toksikolojia, na Makerere kule Kampala. Cape Town wanajulikana kwa hesabu za dawa za kifua kikuu na malaria mwilini.

Hatua ya 4: Soma kabla hujaitwa mwanafunzi

Kozi mbili za bure kwenye intaneti zitakubeba mbali. Ya kwanza ni ile ya misingi ya famakolojia ya kliniki inayotolewa na taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH. Ya pili ni ya utendaji bora wa majaribio ya kitabibu, GCP, kwenye tovuti ya Global Health Network. Unapata cheti, na kamati nyingi za maadili zitakidai.

Jifunze pia R, programu ya takwimu. Ni ya bure, na laptopu ya mtumba inaimudu. Kabla ya R, fanya zoezi hili kwa kalamu. Chukulia nusu-maisha ya lumefantrini, yaani muda wa kupungua kwa nusu, ni siku 4, na kilele chake ni 100. Siku ya 4 imebaki 50, ya 8 imebaki 25, ya 12 imebaki 12.5, ya 16 imebaki 6.25, ya 20 imebaki 3 na kitu. Chora nukta hizo kwenye karatasi ya miraba. Mstari utapinda. Sasa chora logarithimu za namba zile zile; mstari umenyooka. Ukishaelewa kwa nini umenyooka, umeshaelewa robo ya muhula wa kwanza. Kisha jiulize: mgonjwa akirudi na malaria siku ya 20 na akapewa dozi nyingine, anaanzia sifuri?

Na jaza fomu za njano za madhara ya dawa zinazokwenda TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mtwara. Wengi wanaona fomu zile ni usumbufu. Mimi niliziona ni shule: kila fomu inakulazimisha kuandika dawa ilianza lini, dhara lilianza lini, dawa ilipoachwa nini kilitokea. Nilipoulizwa kwenye usaili kama nimewahi kukusanya taarifa, nilitaja fomu zile.

Hatua ya 5: Tafuta msimamizi, na tafuta mashine

Watu hutafuta chuo, kisha msimamizi, na mashine wanaikumbuka mwaka wa pili. Geuza. Swali linalohitaji kupima dawa kwenye damu linahitaji mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, HPLC au ndugu yake mkubwa LC-MS. Mashine hizo haziko kwenye hospitali zetu za Ligula wala Sokoine. Ziko kwenye maabara chache, na zina tabia ya kusubiri kipuri kutoka ng'ambo. Kwa hiyo ukimpata msimamizi, muulize bila aibu: mashine inafanya kazi leo? Nani anaiendesha? Kemikali ananunua nani? Halafu tafuta wanafunzi wake wawili waliomaliza, uwaulize walimaliza baada ya muda gani. Hilo usimuulize yeye.

Ujumbe wa kwanza ndio unaoua wengi. Huu hapa nimewahi kuuona kwenye simu ya kijana mmoja:

"Shikamoo Profesa. Mimi ni mfamasia kutoka Mtwara, napenda sana utafiti, naomba unisaidie nipate nafasi ya masta na ufadhili."

Profesa anapokea kumi kama huo kwa wiki. Tukauandika upya (plazma ni majimaji ya damu bila chembe zake, na siku ya 7 inahesabiwa tangu mgonjwa aanze dawa):

"Shikamoo Profesa. Mimi ni mfamasia, nipo kituo cha afya wilayani Newala mwaka wa tatu sasa. Nimesoma makala yenu kuhusu kiwango cha lumefantrini siku ya 7. Hapa kwetu nimewauliza wagonjwa 40 waliochukua dawa mseto walikula nini kabla ya kumeza. Wengi ni uji mtupu au ugali na mboga isiyo na mafuta. Nafikiria kupima siku ya 7 kwa watu wazima wa huku. Je, maabara mnayofanyia kazi inapokea plazma kutoka mikoani? Nimeambatanisha ukurasa mmoja."

Alijibiwa siku ya tatu. Utaandika kwa Kiingereza pengine, hasa kwa wa nje, lakini mifupa ya barua ni hiyo hiyo: uko wapi, umesoma nini chake, umeona nini kwa macho yako, unauliza jambo moja. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu. Akikaa kimya tena, geukia mwingine, usimnunie.

Hatua ya 6: Pesa na mwajiri

Gawa pesa mafungu matatu: ada, kuishi na utafiti. La tatu ndilo linalosahaulika. Mfadhili anaweza kulipa ada na posho, halafu vichupa, kemikali, nauli za wagonjwa na usafirishaji wa sampuli vikabaki juu yako. Omba bajeti ya utafiti kwa maandishi kabla hujasaini.

DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, huwa na ufadhili wa kusoma ndani ya ukanda wetu, na huangalia shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka mingi, kwa hiyo usichelewe. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja kule, inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Ziko za Jumuiya ya Madola. Njia ambayo mimi naipenda zaidi ni kuingia kupitia mradi: msimamizi ana utafiti mkubwa wenye pesa, ndani yake kuna nafasi ya mwanafunzi. Hutakuwa huru sana kuchagua swali, ila kemikali zitakuwepo.

Ukiwa mtumishi wa umma, hakikisha umethibitishwa kazini na jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mpango huo huandaliwa mapema, na aliyekwenda kwa Afisa Utumishi na barua ya udahili mkononi mwezi Septemba amechelewa. Nenda mwaka mmoja kabla. Peleka barua, bakia na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Narudia, yenye muhuri.

Hatua ya 7: Panga kalenda kwa mvua, si kwa muhula

Kalenda ya chuo inaanza Oktoba au Novemba. Malaria yetu haisomi kalenda hiyo. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na wagonjwa huongezeka kadiri mvua inavyokolea. Ukitaka wagonjwa wa kutosha, lazima uwe uwanjani vibali vyote vikiwa mkononi ifikapo Januari. Kibali kikitoka Juni, umekosa bwawa na samaki wake, unasubiri mwaka.

Juni hadi Agosti watu wako kwenye kupulizia mikorosho, na kuna jando na unyago. Utamtafuta mama aje siku ya 7 utaambiwa yuko ngomani. Oktoba minada ya korosho inaanza, fedha zinaingia, watu wanasafiri. Mtafiti mgeni huandika kwenye ripoti "washiriki hawakurudi". Mwenyeji anajua walikokwenda.

Vibali vyenyewe vina ngazi. Andiko lako linapita idara, kisha kamati ya maadili ya chuo. Kwa tafiti nyingi inafuata kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukijaribu dawa kwa watu, TMDA lazima. Sampuli zikienda nje ya nchi panahitajika mkataba wa kuhamisha sampuli, nao una foleni yake. Ukipata vyote unashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mfawidhi wa kituo, mtendaji wa kijiji. Usiruke hata mmoja. Mtendaji akisikia habari zako kwa watu kabla ya barua yako, umejichimbia shimo.

Wala usidhani unaleta jambo geni. Katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walifanya hapa, kwenye wilaya za Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba, kazi kubwa ya kuwapa watoto wachanga SP (dawa ya malaria ya sulfadoksini na pirimethamini) wakati wa chanjo ili kuwakinga na malaria. Klorokwini ilikwisha kuachwa 2001, na SP yenyewe ikaachia nafasi dawa mseto kama tiba ya kwanza mwaka 2006. Wazee wengi vijijini wanakumbuka tafiti hizo, na watakuuliza majibu yake.

Hatua ya 8: Ridhaa, na habari ya mumiani

Ukitoa damu kijijini, neno mumiani litafika kabla yako. Usilicheke. Fomu ya ridhaa inasema "mililita tano", na mililita haina sura kichwani kwa mtu. Mimi nilibeba kijiko cha chai cha kawaida kabisa, nikakijaza maji mbele ya watu: "Damu nitakayochukua ni kiasi hiki." Mzee mmoja wa Kimakua akakichukua, akakigeuza, akayanusa yale maji, akasema, "Basi." Mkutano ukaendelea.

Kiswahili kinatosha sehemu nyingi, lakini wapo bibi na babu ambao mambo ya mwili wanayaelewa kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeijua lugha, umfundishe fomu mapema. Usimshtukize siku yenyewe. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi ambaye si wa timu yako. Na mtu akisema hapana, mpe tiba yake kama kawaida, kwa uso ule ule. Wengine wanatazama utakavyofanya.

Hatua ya 9: Linda sampuli kama mtoto wa pekee

Hapa nitakuambia langu, maana liliniuma. Nilikuwa nimekusanya plazma za siku ya 7, nikazihifadhi kwenye friza ya kituo kimoja nisichokitaja. Jumatatu asubuhi nafungua, vichupa vinacheza ndani ya kisanduku. Ijumaa jioni mtu alichomoa plagi ili achaji simu. Vichupa 31. Kila kimoja kilikuwa mtu aliyetembea kutoka kwake, siku ya saba, kwa ahadi yangu.

Tangu hapo nafanya hivi. Plagi inafungwa kwa plasta na maandishi makubwa: USICHOMOE. Kila plazma inagawanywa vichupa viwili vinavyolala kwenye friza mbili, majengo mawili. Joto linaandikwa asubuhi na jioni kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Na kuna ujanja wa sarafu: gandisha maji kwenye kikombe cha plastiki, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kiache humo ndani ya friza. Siku ukikuta sarafu imezama chini na barafu imeganda tena, umeme ulikatika muda mrefu ukarudi, hata kama kila mtu anakuapia haukukatika.

Andika kwenye kichupa kwa kalamu isiyofutika na baridi, ujaribu kwanza kwa kuiweka lebo kwenye friza usiku mmoja na kuisugua asubuhi. Weka namba tu, jina libaki kwenye daftari lililofungiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe. Damu izungushwe kwenye mashine mapema, plazma itenganishwe siku ile ile, na saa ya kuchukua damu iandikwe kwa dakika. Saa ya kumeza dawa pia. Hesabu zote za famakokinetiki zinasimama juu ya saa hizo mbili. Ukiandika "asubuhi", umetupa sampuli.

Kuzipeleka Dar es Salaam ni safari nyingine. Panga barafu kavu inayozidi muda wa safari angalau kwa siku moja. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga kule Kilwa, magari yakakwama. Mwenye sanduku la sampuli kwenye basi siku ile asingekuwa na la kufanya. Kama bajeti inaruhusu, ndege. Kama haikuruhusu, usisafirishe wiki ya mvua kubwa.

Hatua ya 10: Andika, kisha rudi na majibu

Anza tasnifu wakati bado unakusanya. Sura ya mbinu iandike ukiwa uwanjani, mikono ikiwa bado inanuka spiriti. Kuhusu uzamivu, usikimbilie. Mwaka mmoja au miwili kwenye mradi wa watu wengine utakufundisha mengi, na ufadhili kama wa EDCTP, mpango wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, huangalia sana kama umewahi kumaliza jambo ulilolianza.

Ukishatetea tasnifu, chapa ukurasa mmoja wa Kiswahili: tuliuliza nini, tukapima nini, tukakuta nini, nini bado. Upeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwenye kituo na kwa mtendaji. Usitume kwa WhatsApp. Nenda mwenyewe, ukae kwenye benchi la wagonjwa, usubiri zamu yako. Nilipokwenda mimi, muuguzi aliubandika ukutani kando ya bango la chanjo, akauliza kama nitarudi kuchukua damu nyingine.

Swali la korosho sikulifanya. Msimamizi alisema ni jaribio kubwa mno kwa mwanafunzi wa uzamili, na kwa wakati ule alikuwa sahihi. Mimi nilipima siku ya 7 tu, watu wakila kama walivyozoea. Liko kwenye daftari langu, ukurasa wa nne, na hesabu yake ya punje mbili pembeni. Ukilitaka, lichukue.